Fuko wa Newala na fuko wa Ulaya

Mkulima wa mihogo Newala akikuta vifusi vya udongo shambani haulizi: fuko kapita. Huyu wetu ni ndugu wa panya. Anachimba kwa meno, na midomo hufunga nyuma ya meno hayo asije akala mchanga. Miguu kazi yake kusukuma udongo nyuma, basi.

Fuko wa Ulaya, mla nyungunyungu, hana udugu naye, ila mikono yake ndiyo inayonishangaza. Kiganja ni chepe kamili, tena kina "gumba" la ziada! Si kidole halisi, ni kifupa cha kifundo cha mkono kilichorefuka. Katika kiinitete, jeni ya SOX9, inayoanzisha gegedu, hufanya kazi hapo vidole vitano vikiwa vimeshatangulia.