Chai chungu ya Xiaobei: Ayi huuliza kabla ya kumimina

Nakwenda Guangzhou, China, mara mbili kwa mwaka kufuata nguo za watoto soko la Zhongshan Ba Lu, na nalala mtaa wa Xiaobei kama wenzangu wengi wa Dar na Unguja. Safari ya Juni nimerudi na duka moja la kuwaelekeza. Si la nguo. Ni kiduka cha chai ya dawa, kichochoroni, upana wake kama mlango wa gereji, na mbele kuna mitungi miwili ya shaba yenye umbo la kibuyu.

Juni ni msimu wa lichi. Zinauzwa kila kona, nyekundu, bado ziko kwenye vitawi vyake, nami nilikula karibu kilo nzima jioni mbili mfululizo, juu ya mishikaki ya kondoo ya Waislamu wa Xinjiang iliyojaa pilipili. Siku ya tatu koo likaanza kuwasha na kidonda kikatoka ubavuni mwa ulimi. Dada anayenifungia mizigo alinitazama akasema neno moja: shanghuo. Simu ikanitafsiria: moto umepanda. Akaniambia na msemo wao wa Kikantoni, kwamba lichi moja ni mienge mitatu ya moto.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Bibi yangu alikuwa akitukataza doriani usiku kwa maneno hayohayo, na embe nyingi akiziita za moto, zitakutoa majipu. Kwetu mzazi hukaa arubaini, hapewi maji ya baridi, anakunywa uji wa pilipili manga. Wachina nao mzazi wao hukaa mwezi ndani, na maji ya baridi hayagusi. Sisi tunaumika kwa chuku, na wao wanaumika. Nilipofika pale kichochoroni sikujiona mgeni.

Mwenye duka ni mama wa makamo. Kila mtu anamwita Ayi, ndiyo mama mdogo kwa Kichina, nami nikamwita hivyo. Chai yenyewe inaitwa liangcha, "chai ya kupoza", ingawa inanyweka ya moto na haina jani la chai hata moja: ni mizizi, maua, magome na majani yaliyochemshwa kwa saa nyingi. Watu wa Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, wanasema nchi yao ina joto na unyevu unaoingia mwilini, na liangcha ndiyo ya kuutoa. Ni biashara ya zamani. Wanglaoji, jina linalojulikana kuliko yote, limeanza mwaka 1828.

Sasa kilichonifanya niandike. Ayi hakunimiminia. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama kwenye mwanga: ncha nyekundu, utando wa manjano, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni moto. Kisha akanipa simu yake yenye maswali yaliyokwisha tafsiriwa. Una mimba? Uko kwenye siku zako? Unaharisha? Unatumia dawa gani ya hospitali? Nilikuwa na mwenzangu wa Tanga, naye alitaka kuonja. Ulimi wake ulikuwa mweupe-mweupe, na siku zake zilikuwa zimeanza. Ayi alikataa kata kata kumuuzia. Alimpa maji ya moto bure, akamwandikia kwenye simu: tangawizi na sukari nyekundu, chemsha. Jibu lilelile angelipewa na shangazi yake Tanga.

Mimi nilipewa "ladha ishirini na nne". Hilo ni jina tu, kila duka lina mchanganyiko wake. Rangi nyeusi, na uchungu ni wa mwarobaini, ila unakaa zaidi nyuma ya koo. Baada yake Ayi anakupa kipande cha ganda la chenza lililokaushwa, la Xinhui, lenye chumvi na utamu, na mdomo unarudi. Asiyeweza uchungu aombe wuhuacha, maua matano, ambayo ina utamu kidogo. Mojawapo ni ua jekundu la jamaa ya msufi wetu, ndilo ua la mji wa Guangzhou.

Koo lilitulia siku ya pili. Nilikuwa pia nimeacha lichi na nimelala mapema, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa chai.

Nina malalamiko. Hakuna orodha ya vilivyomo, si kwa Kichina wala kwa lugha nyingine, inabidi uulize. Nilitaka kumpelekea baba pakiti za kuchemsha, nikauliza kama zina gancao. Zinayo. Gancao ni urukususu, na urukususu mwingi hupandisha presha, naye baba anatumia vidonge, nikaziacha. Pia wanauza guilinggao, jeli nyeusi ya gamba la kobe wa majini. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi tuipite. Kwingine, duka kubwa lenye vioo ambalo sitalitaja, waliniuzia unga wa dawa bila swali hata moja. Niliutupa.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Ukifika China kutoka kwetu ukapata homa, usiende kwa Ayi, nenda hospitali ukapimwe malaria, na umwambie daktari umetoka wapi. China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2021, kwa hiyo huenda asiifikirie. Dawa mseto yetu ya malaria ina asili hukohuko: mtafiti wa Kichina Tu Youyou alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, akaona mmea wa qinghao unalowekwa na kukamuliwa, hauchemshwi, naye akaitoa dawa kwa joto dogo. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ilipimwa kwanza, kwa miaka. Mitungi ya Ayi inachemka tangu alfajiri, na yeye mwenyewe hadai kutibu homa. Nilimuuliza, akanionyesha hospitali ilipo.

Bakuli dogo yuan 6, kubwa 9. Malipo kwa simu, noti anapokea ukiwa nayo kamili. Asubuhi usiende na tumbo tupu, atakurudisha ukale kwanza.