Gereji ya Changamwe inayotafuta tundu kwanza, kisha ndiyo izibe

Mafundi wanaoziba paa la gari wako wengi Mombasa. Hawa wa Changamwe ndio wa kwanza kunitoza hela ya kutafuta maji yanaingilia wapi, na hela ya kuziba wakaihesabu mbali. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya kulalia, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa.

Gari letu ni Toyota HiAce tuliyoigeuza. Nyuma kuna kitanda, kabati za plaiwudi na jiko dogo la gesi. Juu ya paa kuna kidirisha cha hewa na paneli ya sola. Mimi na mume wangu huenda nalo Tsavo, Shimba Hills na Watamu, na tusipolitumia tunalikodisha kwa familia. Masika yakishika, mwezi wa nne na wa tano, godoro lilikuwa linalowa upande wa nyuma kushoto. Na godoro likilowa pwani hii halikauki kwa urahisi, hewa yenyewe imejaa maji. Linaota ukungu, linanuka, na huwezi kumlaza mgeni aliyekulipa hapo.

Gereji tuliyoanza nayo, huko kisiwani, walipanda juu na bomba la silikoni wakapaka kila walipoona mshono, zaidi ule wa nyuma kushoto uliokuwa juu ya godoro. Gari zima likanuka siki. Mvua iliyofuata godoro likalowa vilevile.

Hii ya Changamwe iko ndani kidogo ukiiacha barabara ya Magongo, kwenye uwanja wenye magari mengi ya watalii, yale ya paa la kuinuka. Fundi mkuu ni mtu mzima, mpole, haongei sana. Nilipomwonyesha doa la nyuma kushoto alilitazama kidogo tu, akaniuliza: "Dada, nyumbani unaliegesha wapi?" Nikamwambia Nyali, kwenye mteremko wa lango, pua ikiwa juu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta ngazi.

Kabla ya kupanda alitaka kujua jambo lingine: usiku usio na mvua, mkilala humo madirisha yamefungwa, mnaamka na maji kwenye vioo? Ndiyo, hutokea. Akasema hayo ni ya pumzi zenu, dawa yake ni kuacha kidirisha wazi kidogo, msije mkayalipia kuzibwa. Nimeona watu wakitoboa dari kutafuta uvujaji ambao kumbe ni jasho la vioo, kwa hiyo swali lile peke yake lilinipa imani naye.

Kisha wakaanza kutafuta. Vijana wake walifunga milango yote, wakaziba kwa tepu matundu ya hewa ya bodi, wakateremsha dirisha moja na kulibandika kipande cha plaiwudi chenye tundu la duara. Katika tundu hilo wakaingiza bomba la blowa, mashine ya kupuliza hewa. Gari likajaa hewa, si kwa nguvu, ila ya kutosha kuisukuma itafute pa kutokea. Fundi akapanda juu na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, akawa analowesha paa kidogo kidogo: mshono wa mfereji, kingo za kidirisha, raba ya kioo cha mbele, taa za juu, pale waya wa sola unapoingilia.

Aliniita nipande nione mwenyewe. Mshono wa nyuma kushoto, uliosilibwa silikoni ya kisiwani, ulikuwa kimya kabisa. Sabuni imetulia, hata povu moja hakuna. Lakini mbele, chini ya paneli ya sola, kwenye bolti inayoshika mguu wake wa kulia, povu jeupe lilikuwa linatoka chini ya washa, kile kiduara cha chini ya kichwa cha bolti, linavimba, linapasuka, linatoka tena. Kwenye kona moja ya kidirisha cha hewa napo kulikuwa na vipovu vidogo vidogo, vimejipanga. Akazungushia sehemu zote mbili kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa maji ya mbele kulia yanalowesha vipi godoro la nyuma kushoto? Paa la bati lina mbavu kwa ndani, nyuma ya dari. Tone likiingia kwenye bolti linaangukia ubavu, na kwa kuwa gari kwangu hulala pua juu, linateremka kurudi nyuma, linavuka upande mwingine, na linapokosa pa kupita ndipo linadondoka. Alitoa kipande cha dari akanionyesha mstari wa kutu ukifuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo doa la ndani linakuambia maji yalipoishia, basi. Mimi sasa, mtu akinipigia simu kuuliza gari lake linavuja wapi, swali langu la kwanza ni lile la fundi: unaliegesha wapi?

Kuziba kwenyewe kulichukua muda kwa sababu ya ile silikoni. Gundi nyingine haishiki juu ya mabaki yake, kwa hiyo palipohitaji kazi, kuzunguka kidirisha, iliwabidi waikwangue yote kwa kipande cha plastiki ili wasichune rangi, kisha wapanguse kwa spiriti. Na ile inayonuka siki hutoa asidi ikikauka. Palipokuwa na mkwaruzo, bati lilikuwa limeshaanza kula kutu chini yake. Kwa magari yetu yanayopigwa na chumvi ya bahari mwaka mzima, naomba mtu yeyote asiweke silikoni ya bafuni juu ya paa. Nasema hili kwa uchungu.

Miguu ya sola waliing'oa yote, hata ile isiyovuja. Wakapiga msasa kutu, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, wakaiacha ikauke. Chini ya kila mguu wakaweka utepe wa butili, ule mweusi laini unaonata, na bolti mpya za chuma kisichoshika kutu. Kingo wakamalizia kwa gundi ya poliyurethani. Hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita 3 kwa siku, kwa hiyo fundi alikataa kunipa gari jioni ile. Nilikuwa na haraka, lakini alikuwa na haki.

Nilipolifuata walipima tena mbele yangu kwa mpira wa maji, wakianzia chini na kupanda taratibu, sehemu moja kwa muda mrefu kabla ya kwenda nyingine. Ukianza juu, maji yanatiririka kote na huwezi kujua pameingilia wapi. Ile mashine ya kuoshea magari yenye nguvu hawakuigusa. Inasukuma maji hadi mahali ambapo mvua haifiki.

Bei: shilingi 3,000 ya kutafuta, na kuziba pamoja na vifaa ikafika 14,500. Si rahisi. Ila kisiwani nililipa kidogo nikapata hasara, na godoro nikanunua jingine.

Yasiyonipendeza yapo. Pa kukaa hakuna, ni jua na vumbi, ukienda na mtoto utateseka. Risiti nililazimika kuiomba zaidi ya mara moja. Utepe wa butili ulikuwa umewaishia, nikasubiri uletwe kutoka Nairobi, na hakuna aliyenipigia kuniambia, niligundua nilipofika. Mbao hawashughuliki nazo: plaiwudi ya chini ya kitanda ilikuwa imeoza na kulainika, nikabaki kutafuta seremala mwenyewe. Gereji inayotengeneza magari ya kulala ingefaa iwe na seremala wa kumtaja, hata kama si wao.

Baada ya hapo tulilala Watamu mvua ikinyesha usiku kucha, ile ya upepo wa kusi inayopiga ubavuni. Asubuhi nilipitisha mkono chini ya godoro hadi kwenye kona, pakavu. Taa moja ya nyuma bado inaingiza unyevu ndani ya kioo chake. Nimewaambia, wamesema nilipeleke bila malipo, na ninawaamini.

Nawapa nyota nne. Mkienda, nendeni kabla ya mwezi wa tatu. Mvua zikianza, foleni ya magari ya watalii inajaa uwanja wote, na fundi hapaki gundi kwenye bati lililolowa.