TAHADHARI: Unga wa jongo unaouzwa WhatsApp umemlaza mjomba wangu hospitali

Ndugu zangu wenye jongo, na nyie mnaouguza wazee, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar na unga wa mizizi, kopo jeupe, Sh 45,000. Unalipa kwanza, bodaboda anakuletea. Duka hana, na kopo halina namba ya usajili wala jina la mtengenezaji. Ukimuuliza kilichomo, anasema ni siri ya ukoo.

Mjomba aliununua dole gumba la mguu likiwa limevimba, hata shuka likigusa anapiga kelele. Kesho yake maumivu kwisha! Muuzaji akamwambia aachane na alopurinol ya hospitali, dawa ya kila siku ya kushusha asidi ya yuriki, ile taka ya kwenye damu inayoleta jongo, akaachana nayo, akawa analamba unga kila siku. Baada ya muda uso ukajaa, ukawa wa mviringo. Sukari ikapanda, na hajawahi kuwa na kisukari. Kopo lilipoisha akalegea, akatapika, presha ikashuka, tukamkimbiza hospitali. Daktari aliposikia habari ya unga akasema hizo ni dalili za mtu aliyekuwa anakula steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, bila kujua.

Mchezo huu una historia. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama lishe ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, zote hazikuandikwa kwenye kopo. Diklofenaki inaumiza figo na tumbo. Deksamethasoni ukishaizoea, kuikata ghafla kunaweza kukuua.

Na zile shuhuda za waliopona ambazo muuzaji anazirusha kwenye magrupu zisiwababaishe. Shambulio la jongo hata lisipotibiwa kwa kawaida hutulia lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo hata angewauzia majivu, wangetokea wa kumshukuru. Pia ana kipimo cha kutoboa kidole cha kupima asidi ya yuriki, nacho hakithibitishi kitu, maana asidi hiyo inaweza kusoma kawaida wakati huohuo mguu unawaka.

Dawa za kutuliza shambulio zipo na zinajulikana: kolchisini, dawa za maumivu kama naproxen, au prednisoloni kwa siku chache. Daktari anachagua kwa kuangalia figo, vidonda vya tumbo, presha na sukari yako. Kolchisini msijipimie wenyewe, ikizidi inaua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Kama ulishaanza alopurinol, usiikatishe kwa sababu mguu umeuma. Kiungo kikivimba na homa juu, nenda hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa ni maambukizi.

Sipingi tiba asili. Waganga waliosajiliwa wapo, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalowasajili wao na dawa zao. Mwombe muuzaji namba ya usajili, kisha ihakiki huko.

Kama tayari unatumia huo unga, tafadhali usiukate ghafla peke yako. Beba kopo, nenda hospitali leo, umweleze daktari umetumia kwa muda gani. Kopo la mjomba tunalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania. Mwenye kopo kama hilo au risiti ya malipo anitumie ujumbe, twende pamoja.