Nilivyolipia kuhakikiwa wadhamini wa mtunza stoo

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana nilipotelewa na mifuko 60 ya saruji mikononi mwa kijana niliyemwajiri kwa kusoma barua tu. Safari hii, nilipotaka mtunza stoo, nikalipa shilingi 40,000 kwa ofisi moja ya mjini inayohakiki wadhamini, yaani watu ambao mwombaji kazi anawataja wamshuhudie.

Kazi yao waliifanya kwa akili. Kwanza walimsainisha mwombaji fomu ya ridhaa, maana tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, habari za mtu hazichukuliwi kiholela. Kisha kijana wao akaja dukani, akaichukua namba ya "meneja" aliyeandikwa kwenye wasifu, akafanya kama anayetaka kuitumia pesa. Jina la mwenye laini likatokea: ukoo uleule wa mwombaji.

"Umeona, mama?" akaniambia. Hata hakuipiga.

Kesho yake akapanda gari la Muheza, hadi kwenye mashine ya mbao alikowahi kufanya kazi yule mwombaji. Akanipigia akiwa hapohapo, tajiri akaridhia nisikilize. Tajiri akamsifu sana: mchapakazi, hachelewi, hana ugomvi. Kijana akamuuliza, "Mzee, akirudi leo utamchukua?" Kimya. Nikawa nasikia msumeno tu ukinguruma nyuma yake. Halafu akasema, "Nitamchukua, ila funguo za stoo simpi. Hesabu zinamshinda." Kwangu mimi, neno hilo moja lilirudisha pesa yangu yote.

Yaliyonikera yapo. Niliahidiwa majibu kamili kwa siku tatu, zikafika tisa. Karatasi yenyewe nusu ukurasa, imeandikwa "hafai", na hakuna aliyemuuliza mwombaji lolote. Nikamwita mwenyewe. Akanieleza, macho chini, kwamba alipoacha kazi hakupewa cheti cha utumishi, akaogopa kuonekana hajawahi kuajiriwa, ndipo akaweka namba ya kaka yake. Iliniuma, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mtu cheti hicho ajira inapokoma. Si hisani.

Nimempa kazi ya kupakia na kupeleka mizigo kwa wateja, stoo anayo dada mwingine. Kwa ile ofisi nitarudi, ila nimeshawaambia: kabla hamjaniandikia "hafai", kaeni kwanza na mwenyewe mumsikilize.