Miaka minne na agapanthasi: uzoefu wangu

Nilinunua miche sita ya agapanthasi kitaluni miaka minne iliyopita. Kila mmoja ulikuwa na lebo ya maua ya bluu, na muuzaji alinihakikishia kwamba mmea huu unamea popote. Kumea, ulimea. Ila mimi nilikuwa natafuta maua.

Mitatu niliipanda kando ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, mitatu chini ya mti. Msimu wa kwanza yote ilikaa kimya, jambo la kawaida kwa mmea ambao kwanza unashughulika na mizizi. Msimu wa pili ile ya ukutani ikachanua. Ya chini ya mti ikatoa majani tu, marefu, laini, yameanguka huku na huku. Nikaihurumia, nikaiongezea samadi, na hapo ndipo nilipoiharibu zaidi: mbolea yenye naitrojeni nyingi huukuza mmea huu majani na kuunyima maua. Unachotaka ni jua la saa sita kwa siku au zaidi, na udongo usiotuamisha maji.

Mwaka wa tatu niliing'oa ile ya kivulini. Jiandae, maana si kazi ya mkono mmoja. Mizizi ni minene, myeupe, imejaa maji na imesokotana hadi jembe linagonga na kurudi. Nilitumia kisu kikali kugawanya, kila kipande kikibaki na chipukizi na mizizi yake, nikavipanda kando ya njia, kimoja mbali na kingine kwa sentimita 40 hivi. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake unaweza kuwasha ngozi. Ukishagawanya, usishangae ukikosa maua msimu unaofuata. Kwa hiyo usigawanye kila mwaka. Mmea huu hauchukii kubanana, na miaka minne au mitano inatosha kabisa kabla ya kuugusa tena.

Uzuri wake sasa. Kikonyo hupanda wima, wangu unanifika kiunoni, na juu yake tumba limefungwa ndani ya ganda jembamba la kijani lililochongoka kama ncha ya mkuki. Siku moja ganda linapasuka ubavuni na unaona vitumba vimejipanga humo, vimebanana, vimekolea rangi kwenye ncha. Havifunguki kwa pamoja. Leo viwili, kesho vitano, mpaka shada linakuwa duara, na kila ua lina petali sita zenye mstari wa bluu nzito katikati. Shada moja linaweza kukaa wiki kadhaa. Nimelima maua mengine yanayokwisha kwa siku tatu, kwa hiyo hili nalithamini sana. Jina lenyewe limetokana na Kigiriki, maana yake ua la upendo, ingawa asili ya mmea ni kusini mwa Afrika.

Maji hautaki mengi. Ukishajishika ardhini unavumilia ukame vizuri, na kinachouua haraka ni mizizi kuoza. Adui niliyekutana naye ni konokono: hujificha kwenye shina la majani mchana, usiku hutoka kula. Mimi huenda na tochi na kuwaokota kwa mkono. Mahali penye baridi kali ya barafu, chagua aina zinazopukutisha majani. Zile za kijani mwaka mzima huumia.

Maua yakinyauka, kata vikonyo kabla mbegu hazijapevuka. Hii nasisitiza: mbegu zake nyeusi huota kwa urahisi, na katika baadhi ya sehemu za Nyuzilandi mmea huu tayari umekuwa gugu. Ukitaka kuotesha kwa mbegu, unahitaji subira ya miaka mitatu hivi.

Lalamiko langu ni lile la lebo. Miche niliyoihamisha ilipochanua mwaka huu, miwili ilitoa maua meupe. Ningenunua tena bila kusita, ila safari hii ningesubiri msimu wa maua nione rangi kwa macho yangu ndipo nilipe. Hiyo yenye maua meupe nimeiacha palepale kando ya njia. Giza likianza kuingia, ya bluu haionekani tena, lakini hiyo miwili bado unaiona.