CBCT ya meno (eksirei ya 3D): eneo dogo au eneo kubwa la picha?

Kwa ukali wa picha, eneo dogo, tuseme sentimita 5 kwa 5, linashinda. Vokseli zake (vijimchemraba vinavyounda picha) hushuka hadi milimita 0.1 au chini, na kwa kuwa mwale mwembamba hupita kwenye tishu chache, mionzi inayotawanyika hupungua. Mfereji wa nne wa mzizi uliojificha kwenye gego la juu huonekana hapo. Ila vokseli ndogo huleta chenga kwenye picha, na kuzipunguza kunahitaji mionzi zaidi.

Eneo kubwa mara nyingi hutumia vokseli za milimita 0.3 au 0.4, hivyo ufa mwembamba wa mzizi utapotea. Lakini anayepangiwa upasuaji wa taya zote mbili anahitaji kuonekana mzima kwa mara moja. Mashine ya eneo kubwa ni ghali zaidi.

Kwenye chuma hakuna eneo linalopona, dogo wala kubwa: amalgamu (metali ya kuziba meno) huchora michirizi kotekote. Mgonjwa akitikisika wakati mashine inazunguka, vokseli ndogo ndizo huumia kwanza. Kwa mtoto asiyetulia, ningetanguliza muda mfupi wa kupiga picha. Kwa jino moja linalouma hata baada ya tiba ya mzizi, ningeomba eneo dogo bila kusita.