Panya wengi au seli nyingi?

Mwanafunzi mmoja wa uzamili hapa Dar es Salaam ana unga wa mizizi alioununua Kariakoo. Anataka kujua kama unaharibu vinasaba, kwa kuhesabu mikronyuklea (vipande vidogo vya kiini vinavyobaki ndani ya seli vinasaba vikiharibika) kwenye chembe nyekundu changa za uboho wa panya. Pesa ni kidogo. Aongeze panya, au ahesabu seli zaidi kwa kila panya?

Seli ni rahisi: hadubini ipo, macho ni yake. Na zina faida ya kweli. Tuseme kwa kawaida seli 2 katika kila 1,000 huwa na mikronyuklea. Ukihesabu 2,000 unatarajia 4 tu, na bahati peke yake huyumbisha hesabu kwa 2 hivi, yaani nusu nzima! Ukihesabu 4,000 unatarajia 8, na myumbo unashuka hadi kama 35%. Mwongozo wa OECD namba 474 wenyewe, yaani mwongozo wa kimataifa wa kipimo hiki, umeshahama kutoka 2,000 hadi 4,000.

Lakini aliyenyweshwa unga ni panya, si seli. Seli 20,000 za panya mmoja bado ni sampuli ya 1. Anayezirundika zote na kupiga kai-mraba (kipimo cha takwimu kinachochukulia kila seli kuwa sampuli yake) anajidanganya (nilishafanya hivyo, tuyaache).

Mimi ningefika seli 4,000 na kusimama hapo. Shilingi inayobaki inunue panya. Mwongozo unataka angalau 5 kwa kila kundi, ningeweka 6, maana hufa. Kisha kipimo cha Dunnett, kinacholinganisha kila kundi la dozi na kundi lisilopewa unga, kwa kiwango cha mikronyuklea cha kila panya, pamoja na kipimo cha mwelekeo wa dozi.